Ganda linagoma kutoka kwenye chemba: nipige msasa chemba na ndani ya mtutu?

Kitako_cha_Mninga

Wakuu, habari zenu. Bunduki ni Mosin-Nagant 91/30, ya kukokota kwa mkono, risasi 7.62×54R zenye maganda ya chuma yaliyopakwa vanishi. Risasi tano au sita za kwanza mkono wa bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) unanyanyuka bila shida. Mtutu ukishashika moto, mkono unagoma hadi upigwe kwa kiganja, na ganda likivutika haliruki nje, linaangukia humohumo juu ya magazini. Ikipoa, inakuwa kama haikuwa na tatizo.

Ushauri unaozunguka ni kufunga msasa laini kwenye drili na kung'arisha chemba (tundu la nyuma risasi inapokaa) pamoja na mtutu wote mpaka vimeremete kama kioo. Nauliza: ni kweli mtutu wote unahusika, au chemba tu? Msasa namba ngapi, na kwa muda gani? Je, hatari ya kuharibu vipimo vya chemba ni kubwa kiasi gani? Tundu la mtutu lina weusi kwenye mifereji lakini mdomo wake ni mzima.

---

ChumaBaridi

Mkuu, weka drili chini kwanza. Hapo umechanganya kazi tatu: mkono wa bolti kunyanyuka, ganda kuvutwa kutoka kwenye chemba, na ganda kurushwa nje. Kila moja ina sehemu zake na ugonjwa wake.

Tundu la mtutu halishiki ganda. Ganda lote linakaa kwenye chemba. Kilichopita mtutuni ni kichwa cha risasi peke yake, nacho kimeshaondoka. Njia pekee ya mtutu kuathiri utokaji wa ganda ni kupandisha shinikizo, kwa mfano masizi yaliyoganda kama pete pale shingo ya chemba inapoishia. Pete hiyo inabana mdomo wa ganda usifunguke kuachia kichwa, shinikizo linapanda, na bolti inakuwa ngumu. Hata hapo dawa ni brashi na kiyeyusho. Msasa hauna kazi huko.

Kuhusu kurusha: ejekta ya Mosin ni ulimi wa chuma uliotulia upande wa kushoto wa resiva (mwili wa bunduki bolti inamopita). Haina springi ya kusukuma ganda kama bunduki zenye plunja usoni mwa bolti. Ganda linaruka kwa kasi ile ile uliyovuta bolti. Ukishapigana na mkono hadi ukafunguka, unamalizia kuvuta polepole, basi ganda linagusa ejekta bila nguvu na kudondoka. Kwa hiyo ejekta yako huenda ni nzima kabisa. Ithibitishe hivi: bunduki ikiwa baridi na chemba safi, tia ganda lililokwishapigwa, funga, kisha vuta bolti kwa mkupuo hadi mwisho. Likiruka vizuri, ejekta usiiguse.

Sasa tafuta ugumu uko wapi. Fanya majaribio haya bila risasi hai mezani.

Funga bolti ikiwa tupu, vuta kifyatulio, kisha nyanyua mkono. Mosin inajikoki wakati wa kufungua, kwa hiyo lazima kuwe na uzito kiasi. Ukiwa mzito kupita kiasi hata bila ganda, tatizo liko kwenye bolti yenyewe: mteremko wa kukokia umekauka au umechubuka, au ndani ya bolti kumejaa grisi iliyoganda. Hapo ungeng'arisha chemba hadi kesho usipate kitu.

Kama tupu ni nyepesi, tia ganda lililopigwa kwa bunduki hiyohiyo, kwa vidole, bila bolti. Ganda lililojitanua ndani ya chemba fulani na kurudi kidogo linatakiwa liingie humo na kutoka kwa urahisi. Likikwama kwa kidole, chemba ni chafu au ina mikwaruzo. Likiteleza, na bado bolti inagoma baada ya kupiga, tazama praima (kidonge cha kuwashia baruti kilicho kitakoni mwa ganda): imebanwa bapa hadi kingo zake zimejaza tundu? Kitako cha ganda kina alama inayong'aa ya uso wa bolti? Hiyo ni dalili ya shinikizo, badili risasi kabla hujafanya lolote.

Mwisho kabisa ni ekstrakta, kulabu inayovuta ganda kutoka kwenye chemba. Chomoa bolti, ingiza ukingo wa ganda chini ya kulabu, geuza juu chini na utikise kidogo. Lisianguke. Kulabu yenye ncha iliyomeguka, au yenye uchafu uliosongamana chini yake, inaruka juu ya ukingo na kuacha ganda ndani. Ila ekstrakta ya Mosin imebanwa kwenye kichwa cha bolti na yenyewe ndiyo springi yake, kwa hiyo usiing'oe kwa udadisi.

---

Mvuta_Tena

Mimi nadhani mnazunguka tu. Ni vanishi ya maganda inayeyuka chemba ikipata moto. Badili maganda yawe ya shaba ya njano, au pakaza mafuta kidogo kwenye chemba kabla ya kupiga, yatateleza yenyewe.

---

ChumaBaridi

Mkuu Mvuta_Tena, hilo la mafuta naomba mtu asilifuate. Risasi ikilipuka, ganda linatanuka na kung'ang'ania kuta za chemba, na mng'ang'anio huo unabeba sehemu ya msukumo unaorudi nyuma. Ukitia mafuta, ganda linateleza na msukumo wote unaangukia uso wa bolti na meno yanayoifunga. Unaona bolti nyepesi leo huku meno yanakandamizwa kuliko yalivyopimiwa. Chemba inapigwa ikiwa kavu. Mafuta ni ya kuhifadhia, na yanafutwa kabla ya kupiga.

---

Pima_Kwanza

Na vanishi inasingiziwa. Maelezo ya mwenye swali, kwamba baridi ni nzuri na moto ni mbaya, kwenye Mosin yanaelekeza kwenye grisi ya kuhifadhia. Nyingi zilikaa maghalani zikiwa zimezamishwa kwenye grisi nzito. Watu wanafuta ya nje na ya kwenye mtutu, wanasahau kwamba chemba ni pana kuliko tundu la mtutu, kwa hiyo brashi ya 7.62 inapita katikati ya chemba bila kugusa kuta. Inabaki ngozi nyembamba ya kahawia isiyoonekana ukichungulia kwa mbali. Grisi ya namna hiyo hulainika kwenye nyuzi joto 45 hadi 50 na kidogo, na chemba inafika huko baada ya risasi chache tu. Ngozi ikilainika inageuka gundi.

Ganda la chuma linazidisha shida. Halijitanui na kuziba chemba vizuri kama la shaba ya njano, kwa hiyo masizi yanarudi pembeni mwake na kuchanganyika na ile grisi. Halafu baada ya shinikizo kushuka, halirudi nyuma kuachia kuta kama shaba inavyofanya. Ndiyo maana mtu akibadili maganda anaona nafuu na kudhani vanishi ilikuwa mchawi, na chemba bado ni ileile chafu.

Dawa ni kusafisha kwa brashi ya ukubwa wa chemba. Kitako cha ganda la 7.62×54R ni karibu milimita 12.4. Brashi ya shaba ya shotigani geji 20 ni ya tundu la milimita 15.6, kwa hiyo inabana vizuri kwenye chemba na nyuzi zake zinafika kwenye kuta. Ichomeke kwenye kipande kifupi cha fimbo ya kusafishia, fimbo kwenye drili, bolti ikiwa imetolewa, na uingie kwa nyuma ya resiva.

Toa mtutu kwenye mbao kabla ya kumwaga chochote, maana tina (kiyeyusho cha rangi) inakula rangi ya mbao. Mimina maji yanayochemka kwenye chemba yapite hadi mdomoni. Yanalainisha grisi na chuma kikiwa moto kinajikausha chenyewe. Kisha lowesha brashi kwa tina au mafuta ya taa, zungusha polepole kwa sekunde 30 huku ukisogeza mbele na nyuma, futa kwa kitambaa, rudia mara tatu au nne. Drili ya umeme kando ya tina ni cheche, kwa hiyo tumia ya kuzungusha kwa mkono, au mafuta ya taa, mahali penye hewa. Na zungusha kulia tu. Ukirudisha kushoto brashi inajifungua kwenye fimbo na kubaki imekwama ndani, ukiitazama hivihivi.

Kitambaa cha kwanza kitatoka na rangi ya chai nzito. Endelea mpaka kitoke cheupe, hata kile ulichozungusha kwenye kona ya bega, pale chemba inapobanwa kuwa shingo. Kwenye kona hiyo grisi inajificha zaidi kuliko mahali pengine popote.

Piga baada ya hapo, risasi 20 mfululizo wa kawaida, mtutu upate moto. Sehemu kubwa ya malalamiko ya aina hii yanaishia hapa bila msasa kugusa chuma.

---

Kitako_cha_Mninga

Asanteni. Matokeo: bolti tupu ni nyepesi, ekstrakta inashika ganda, praima ni za kawaida. Kusafisha kumetoa uchafu mwingi wa kahawia. Sasa ugumu unaanza kwenye risasi ya 14 au 15, na si wa kupiga kwa kiganja tena, ila upo. Maganda yaliyotoka yana mikwaruzo myembamba ya kuzunguka, kama nyuzi za skrubu, kuanzia karibu na kitako hadi katikati ya mwili. Hakuna vipele. Chemba haina kromu ndani. Sasa je, msasa umeruhusiwa?

---

Mzee_wa_Rula

Sasa tunaongea. Mikwaruzo ya kuzunguka ndiyo inayozuia ganda, maana kila mfereji ni kizingiti kidogo ambacho chuma cha ganda kimesukumwa kuingia, na unapovuta inabidi kikwanyuke kwenye vizingiti vyote kwa pamoja. Mikwaruzo ya urefu, inayofuata njia ya ganda, haizuii kiasi hicho. Na umefanya vyema kutaja kwamba hakuna vipele. Ganda lenye vipele vilivyoinuka linakuonyesha umbo la mashimo ya kutu, na mashimo ya kutu hayaondolewi kwa kung'arisha. Ili ufike chini ya shimo ni lazima upanue chemba yote, na hapo umetoka kwenye ganda linalokwama ukaingia kwenye ganda linalopasuka. Chemba ya namna hiyo inahitaji fundi bunduki mwenye leseni na pengine mtutu mwingine.

Walio na chemba yenye kromu, kama mitutu mingi ya aina ya AK na AR, wasijaribu hiki ninachoeleza. Tabaka la kromu ni jembamba mno; msasa ukilitoboa sehemu moja, kingo zake zinaanza kubanduka. Wao brashi na kiyeyusho, basi. Vivyo hivyo kwa chemba zenye mifereji ya makusudi ya kupitisha gesi, kama ya G3. Ile mistari ya masizi kwenye maganda yake ni ya kawaida.

Lengo ni kukata vilele vya mikwaruzo tu. Mabonde yake mengine yatabaki yanaonekana kwa macho na hayadhuru. Namba 600 inatosha kumalizia, na kumeremeta kama kioo hakuna faida hapa, kwa sababu ile ChumaBaridi aliyoeleza: unataka ganda lishike kidogo shinikizo likiwa juu.

Chukua kijiti cha mviringo cha mbao ngumu, kipenyo milimita 10, kirefu cha kutokeza nyuma ya resiva. Pasua ncha yake kwa msumeno wa chuma, kina cha milimita 35 hivi. Ingiza ukanda wa msasa namba 400 wa majimaji, upana milimita 30, uuzungushe mizunguko miwili. Mkia wa msasa ufuate nyuma ya mzunguko wa drili. Ukitangulia mbele utajikunja na kupasuka. Uache ulegee kidogo. Chemba imechongoka, nyuma pana na mbele nyembamba, sasa kitu kigumu kilichonyooka kitakula upande wa mbele na kuuacha wa nyuma. Msasa uliolegea unafunguka na kufuata umbo.

Kabla ya kuwasha chochote, weka kikomo. Ingiza kijiti kitupu mpaka kigonge bega la chemba. Kwa milimita 10 hakiwezi kuingia kwenye shingo. Weka alama kwenye kijiti pale kinapokutana na ukingo wa nyuma wa resiva, halafu sogeza alama milimita 5 kuelekea ncha na uifunge kwa utepe. Utepe ukigusa resiva, ncha bado iko milimita 5 kabla ya bega, na huko ndiko mwisho wako. Bega, shingo na koo la mtutu haviguswi. Kwenye 7.62×54R nafasi ya kitako (uwazi kati ya kitako cha ganda na uso wa bolti) inapimwa kwa ukingo wa ganda, kwa hiyo una bahati kidogo. Kwenye risasi zisizo na ukingo uliotokeza, kama .308, nafasi hiyo inapimwa kwa bega lenyewe, na ukilisogeza kwa msasa bunduki haiko salama tena.

Sukuma kitambaa chenye grisi kwenye koo la mtutu, mbele ya shingo, kizuie unga wa msasa usiingie kwenye mifereji. Paka msasa mafuta mepesi. Drili iende polepole, mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika, sekunde 10 tu, huku unasogeza mbele na nyuma bila kusimama. Anza kuzungusha kijiti kikiwa ndani na uendelee kuzungusha unapokitoa. Kikikaa tuli hata kwa sekunde mbili kinachimba pete mpya, na pete ndiyo ugonjwa tuliokuja kuutibu.

Baada ya kila sekunde 10, futa, tia ganda safi kwa kidole, uhisi. Mara mbili za namba 400, mara mbili za 600. Jumla isipite dakika moja, na dakika yenyewe ni nyingi.

Halafu osha. Hapa wengi wanaharibu kazi nzuri. Unga wa msasa unakimbilia kwenye makalio ya meno ya bolti, ndani ya resiva mbele kabisa, mahali usipopaona. Ukifunga bolti juu yake, unasaga meno kwa kila risasi. Pitisha kijiti chenye kitambaa kilicholoweshwa spiriti ukizunguka kwenye makalio hayo, badili kitambaa hadi kitoke bila kijivu, ndipo utoe kile kitambaa cha koo kwa kukisukuma kutoka mdomoni kurudi nyuma, ili uchafu usipite kwenye mtutu.

---

Pima_Kwanza

Naongeza kipimo. Kabla ya msasa, chukua maganda matano ya boksi moja, upime kipenyo kwa mikrometa milimita 10 kutoka kwenye ukingo, uandike wastani. Baada ya kazi, piga matano mengine ya boksi hilohilo na upime mahali hapohapo. Ukiona ongezeko la zaidi ya milimita 0.02, umetoa chuma kingi na usirudie. Ganda likianza kuonyesha pete inayong'aa kuzunguka juu kidogo ya kitako, acha kupiga kabisa: hapo ndipo ganda hukatikia.

Anayetaka kuona chemba badala ya kukisia atumie aloi ya bismathi ya kutolea sampuli. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 70 hadi 88. Ziba koo kwa kitambaa, mimina, ikishaganda itoe. Mwanzo inasinyaa kidogo ndiyo maana inatoka, na ikifika saa 1 tangu kumiminwa inakuwa na vipimo vya chemba. Pima wakati huo, maana ikikaa siku kadhaa inavimba na kukudanganya.

---

Mvuta_Tena

Nimewaelewa, na la mafuta nalifuta. Lakini ule weusi wa mtutuni? Hamuoni hata paste kidogo ingesaidia usahihi?

---

ChumaBaridi

Usahihi ni swali jingine, ila jibu fupi: msasa au drili kwenye tundu la mtutu hapana. Unazungusha kingo za mifereji na kupanua koo, na mtutu haurudi. Weusi ukiwa ni masizi, brashi ya shaba na kiyeyusho vitautoa. Ukiwa ni shaba iliyopakaa, kitambaa chenye kiyeyusho cha shaba kitatoka na rangi ya buluu au kijani. Rudia mpaka rangi iishe, bila kukiacha ndani kupita muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiwa ni mashimo ya kutu, ni weusi wa kudumu, uishi nao.

Mashimo hayo, kwa taarifa ya mwenye swali, yanatoka kwenye praima za risasi za zamani za jeshi. Zina klorati ya potasiamu, na baada ya mlipuko inabaki chumvi inayovuta unyevu. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo kupaka mafuta tu baada ya kupiga ni kuifunika kutu blanketi. Mimina maji moto kwenye chemba na mtutu siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta. Na uso wa bolti pia, usiusahau.

---

Kitako_cha_Mninga

Nimefuata ya Mzee_wa_Rula: sekunde 20 za namba 400, sekunde 20 za 600, kikomo milimita 5 kabla ya bega. Risasi 30, mkono unanyanyuka kwa vidole viwili hadi ya mwisho, maganda yanaruka kulia bila shida. Mikwaruzo ya kuzunguka bado inaonekana kwenye maganda lakini ukipitisha ukucha haikwami. Kipenyo kimeongezeka milimita 0.005 kwa wastani. Kuna umuhimu wa kuendelea na namba 1000?

---

Mzee_wa_Rula

Hapana. Ukucha haukwami, ganda linatoka. Rudisha drili kabatini.